Mkono wa Tekla

Kwa miaka thelathini na minne, hakuna mzazi wa mtaa wa sokoni pale Dongobesh aliyetoka arobaini bila kupita mikononi mwa Hadiya. Alikuja na beseni lake, kanga yake kuukuu iliyokunjwa mara nne, na sauti yake. Maji yalitokota. Kanga ikachovywa, ikakamuliwa nusu, ikashuka tumboni mwa mzazi, na mzazi akapiga ukelele mpaka kuku wakatawanyika uani. "Lia tu, mwanangu," Hadiya akasema, huku akiongeza nguvu. "Ukiona inauma, ujue dawa inaingia." Waume waliokuwa nje walitazamana, wakasogea mbali kidogo. Siku arobaini zilipotimia mzazi alitoka amenawiri, tumbo limerudi, maziwa tele, na sifa zote zikaenda kwa Hadiya.

Mtu wa namna hiyo, ukimwambia mikono yake imemdhuru mtu, ni sawa na kumwambia mpishi wa harusi kwamba pilau yake imelaza wageni hospitali. Na aliyedhurika hakuwa mpita njia. Alikuwa Tekla.

Tekla alikuwa fundi cherehani. Mashine yake ilikaa kwenye baraza ya duka la vitenge la Hadiya kwa miaka ishirini na miwili. Hadiya anauza kitambaa, Tekla anakishona, na mteja hana sababu ya kuvuka barabara. Mmoja Mwislamu ambaye baba yake alikuja na biashara kutoka Kondoa, mwingine Mwiraqw na Mkatoliki wa kule Masieda. Kwa kuwa Hadiya alimzidi miaka tisa, Tekla alimwita dada, na kila asubuhi alimpa shikamoo yake kabla hajakalia kiti. Idi walikula kwa Hadiya, Pasaka kwa Tekla. Hata ugomvi wao ulikuwa na ratiba yake: ulianza saa nne kuhusu redio na ukaisha saa saba kwa chai.

Miaka miwili iliyopita Tekla aliona uvimbe kwenye ziwa. Alipelekwa hospitali kubwa, mbali, akaondolewa ziwa la kuume pamoja na tezi za kwapani, akapewa dawa zilizomnyonyoa nywele, kisha akarudi. Nywele ziliota. Alikaa tena kwenye mashine yake, watu wakamshukuru Mungu, na habari ikaonekana imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Mwaka huu, baada ya mavuno ya vitunguu saumu, mkono wa kuume ukaanza kujaa. Tekla hakusema kitu. Alifumua mshono wa mkono wa blauzi yake, akaongeza kipande cha kitambaa. Mwezi uliofuata akaongeza kipande kingine, cha rangi tofauti. Hapo ndipo Hadiya, ambaye hawezi kuona rangi mbili zisizopatana akanyamaza, alipomshika na kumtaka autoe huo mkono nje.

"Na umekaa kimya!" alisema. "Mkono umekuwa kama mguu na wewe unashona tu. Kesho asubuhi njoo uani kwangu."

Alimkanda siku tatu mfululizo. Maji ya moto, kanga, na dole gumba lililojulikana toka Dongobesh mpaka Masieda. Alianzia begani akashusha mpaka vidoleni, kwa nguvu, akiamini anausukuma ugonjwa utokee kwenye kucha. Kitu kimoja kilimshangaza: Tekla hakulia. Aliuma pindo la kanga, macho ameyafumba, jasho linamtoka, lakini sauti hapana. "Lia basi," Hadiya alimwambia, karibu kwa kuudhika. Tekla akatikisa kichwa.

Siku ya nne mkono ulikuwa mwekundu na umevimba maradufu, ngozi inang'aa, na Tekla anatetemeka kwa homa. Mumewe, Yoakimu, alikodi gari la jirani akamwahisha hospitali. Walimlaza siku nane, dripu usiku na mchana.

Siku ya sita Hadiya alikwenda na chupa ya uji. Alimkuta Yoakimu amesimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi, na kando yake kijana mmoja mwenye koti jeupe fupi. Huyo aliitwa Festo. Alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na wagonjwa walimwita daktari wa mazoezi. Festo alimpa Hadiya shikamoo yake vizuri kabisa, kisha akamgeukia mgonjwa.

"Mama Tekla, huu mkono umeminywa. Kuna mtu ameukanda?"

Hadiya alisimama na chupa yake.

"Nilifua mablanketi," alisema Tekla. "Mengi. Mazito."

Kijana alimtazama kwa muda, akayakubali mablanketi. Akaeleza kwamba homa ikishaisha kabisa, mkono utahitaji kupapaswa kila siku, polepole, ili maji yaliyokwama chini ya ngozi yapate njia. Si kazi ya hospitali, kwa sababu ni ya kila siku. Ni kazi ya mtu wa nyumbani, naye angemfundisha. Lakini akaonya: huo mkono ukipata maambukizi mengine kama hayo, sumu ikiingia kwenye damu, Tekla anaweza kuupoteza, na anaweza kupoteza zaidi ya mkono.

Macho yote yakamgeukia Yoakimu. Yoakimu akaitazama kofia yake. "Mimi nitamuumiza," alisema. "Mikono yangu ni ya jembe."

"Dada Hadiya atanifanyia," alisema Tekla. Wala hakumtazama Hadiya aliposema.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hadiya alikuwa amewaambia wazazi wangapi maneno hayo? Alimfuata Festo ukumbini, akamshika koti kwa nyuma kama mtoto.

"Baba, hakuna mablanketi. Ni mimi. Nilimkanda kwa maji ya moto siku tatu." "Nilidhani namponya."

Festo hakumkemea, na Hadiya angependa akemewe. Alimuuliza tu, "Umekanda watu miaka mingapi, mama?"

"Thelathini na minne."

"Basi kazi yangu ni ngumu kuliko nilivyofikiri. Asiyejua kabisa ningemfundisha kwa saa moja."

Alimfundishia pale pale kwenye benchi, kwenye mkono wa Hadiya mwenyewe. Alimweleza kwamba mwilini, mbali na damu, kuna maji mengine yanayoitwa limfu, yanayotembea polepole katika njia nyembamba, nyingine ziko chini tu ya ngozi. Hayana moyo wa kuyasukuma. Yanategemea pumzi na mwendo wa mwili, na yanapita kwenye tezi kama watu wanavyopita getini. Geti la kwapa la Tekla lilikuwa limeondolewa pamoja na ugonjwa wake. Kwa hiyo maji yanabembelezwa yavuke kifua, yaende kwenye kwapa lililo zima. Kwanza unafungua njia kule yanakokwenda: shingoni, kisha kwapa la kushoto, kisha kifuani. Halafu bega. Halafu mkono wa juu, na wa chini mwisho kabisa, kila mara ukielekea juu. Hadiya alikuwa ameyasukuma kwenda chini, kwenye ukuta, kwa nguvu zake zote, na yale maji ya moto yakaongeza mengine.

"Na uzito?" aliuliza.

Festo akaweka vidole kwenye shingo ya Hadiya, akaisogeza ngozi kidogo, akaiachia irudi. Hadiya alingoja aanze. Kijana alikuwa amekwisha kuanza.

"Ndiyo hiyo?" alisema Hadiya. "Huku ni kukanda au ni kutongoza?"

Muuguzi aliyekuwa akipita alicheka mpaka akaegemea ukuta. Festo naye akacheka, lakini hakuongeza uzito. "Ukiihisi nyama chini ya ngozi, mama, umeshazidisha. Ukitoka jasho, acha, uanze upya."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Tekla aliporudi nyumbani na homa imekwisha, na Festo ameruhusu, Hadiya alianza kwenda kwake kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Alikata kucha zake kwa mkasi, akaacha beseni nyumbani, akajisikia kama mtu aliyekwenda shambani bila jembe.

Wiki ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Mzoea punda hapandi farasi. Vidole vyake vilikuwa na akili yao. Aliviambia vipite juu, vikashuka kutafuta fundo. Tekla hakusema neno, ila bega lilijikunja kidogo, na Hadiya akaondoa mikono kama aliyeshika sufuria ya moto. Alianza upya, akabonyeza tena. Alirudi dukani amekasirika, akawafokea wateja, akampimia mtu kitenge akakosea yadi nzima. Kila usingizi ulipomjia aliona mkono ule mwekundu unaong'aa. Aliogopa. Hakuna aliyekuwa amemwona Hadiya akiogopa, na yeye mwenyewe hakuifahamu hali hiyo.

Dawa aliipata jikoni. Asubuhi moja alichemsha maziwa, akayaepua, akasimama kuyatazama yakipoa. Utando ulitanda juu, ule mnene wa maziwa ya ng'ombe wa Hanang. Hadiya akaweka kidole juu yake, akajaribu kuusogeza bila kuuchana. Ulichanika. Kesho yake akajaribu tena, ukachanika. Mwanawe Mudathir alilalamika kwamba chai siku hizi ina maziwa yaliyovurugwa, akaambiwa anywe ya rangi. Siku ya tisa utando ulisogea upande mmoja wa sufuria, ukakunjamana kidogo, kidole kikaondoka, ukarudi mzima. Hadiya alisimama palepale na kidole hewani. Kisha akajifunga ushungi, akaenda kwa Tekla nusu akikimbia.

Asubuhi hiyo bega halikujikunja.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda. Tekla alilala chali, akavuta pumzi ndefu tano za tumboni kama alivyoelekezwa, na Hadiya akaanza shingoni. Hapakuwa na mazungumzo, jambo ambalo kwa wanawake hawa wawili lilikuwa muujiza mwingine. Ukungu ulikuwa bado kwenye dirisha, na nje Yoakimu alisikika akipanga mafungu ya vitunguu saumu. Nusu saa. Kisha mafuta kidogo ngozi isikauke, bendeji ya kubana, basi. Tekla alianza kulala usiku mzima, kitu ambacho hakuwa amekipata tangu operesheni. Alianza hata kuigombea redio saa nne. Kila Jumamosi walipima mkono kwa futi ya cherehani, kwenye kiganja, chini ya kiwiko na juu yake. Wiki ya tatu, chini ya kiwiko, ulikuwa umepungua sentimita mbili.

Hadiya alimpigia Festo simu kumtangazia. "Bado kidogo tu utakuwa umepona," alisema. "Tuendelee mpaka lini?"

"Haponi, mama. Tezi hazirudi. Anakaa vizuri, anafanya kazi, anaishi, lakini mkono lazima utunzwe siku zote."

Hadiya aliikata simu, akakaa juu ya jora la kitambaa. Ukweli ni kwamba habari hiyo haikumsikitisha kama ilivyopaswa. Alikuwa amekwisha kuzipenda zile asubuhi.

Wiki ya nne, Jumanne, alipofika kifuani aliona chozi linateremka kwenye sikio la Tekla. Mikono yake ikaganda.

"Nimekuumiza?"

"Hapana, dada. Endelea."

Hakuweza kuendelea. Neno alilolibeba mwezi mzima sasa likatoka. "Nisamehe, Tekla. Zile siku tatu. Nilikuchoma, nilikuminya, nusura nikuue, na ukanifichia mbele ya daktari. Lakini kwa nini hukulia? Watu wote hulia. Ungesema inauma ningeacha."

"Ndiyo maana," alisema Tekla. "Ningesema, ungeacha."

Hadiya hakuelewa. Tekla alitazama dari ya mbao, akaongea taratibu, kama mtu anayesoma kitu alichokiandika siku nyingi.

"Tangu nitoke operesheni, dada, hakuna mtu aliyenigusa. Kule hospitali walinishika na glovu. Watoto wakija likizo wananiamkia kwa mbali, wanaogopa kunitonesha. Kanisani wananipa mkono wa amani kwa ncha za vidole. Yoakimu analala ukutani kabisa, amejikunja, asije akanigusa hata kwa bahati mbaya. Ni mwema. Anachota maji, anapika ugali, hajanikemea hata siku moja. Lakini miaka miwili, dada! Nilikuwa nimeanza kuona kama sipo. Halafu wewe ukanishika. Ulikuwa unaniua, nakubali, ila ulinishika. Nikaona afadhali niumie."

Hadiya aliwakanda wanawake zaidi ya mia tatu maishani mwake na hakuna aliyewahi kumwambia neno la namna hiyo. Alilia. Alilia kwa sauti, mbaya, ya puani, na Tekla, mgonjwa, ndiye aliyempa kanga ajifute. Kisha akaosha mikono, akaanza tena shingoni, akamaliza nusu saa yote.

Mchana kutwa dukani alilifikiria. Alijua sasa amebeba nini. Ilikuwa tamu kujua kwamba kuna mtu mmoja duniani ambaye asubuhi yake haianzi mpaka wewe ubishe hodi. Na Hadiya, mjane wa miaka kumi na moja, mwenye mwana anayekunywa chai akitazama simu, alikuwa na njaa yake mwenyewe. Angeweza kuendelea hivyo miaka na miaka, watu wakamsifu. Lakini alimfikiria pia yule mwanamume aliyejikunja ukutani. Alijiuliza kama hicho anachokifanya kila asubuhi ni chake kweli, au amekishikilia tu kwa kuwa mwenyewe hajaja kukidai. Jibu alilipata mapema, akalikataa mpaka jioni.

Jumatano alifika kama kawaida. Yoakimu alikuwa uani juu ya kigoda, anakata mizizi ya vitunguu saumu.

"Shemeji, nawa mikono," alisema Hadiya. "Kwa sabuni. Na kucha hizo uzikate."

"Kuna nini?"

"Mikono yangu ina ganzi leo. Baridi hii."

Yoakimu aliitazama mikono ya Hadiya, kisha yake, mipana, iliyopasuka. "Shemeji, unanijua. Hii haiwezi kazi ya watu."

"Haiwezi, au hutaki?"

"Naogopa," alisema Yoakimu, chini kwa chini. "Nikimgusa akashtuka, nitafanya nini?"

"Utaanza upya. Nimeanza upya mara ishirini, na mimi ndiye Hadiya. Nawa."

Aliponawa mpaka viwiko, alimwingiza chumbani. Tekla alipomwona aliivuta kanga hadi kidevuni. Wakabaki wakitazamana, watu wenye watoto wanne, kama wachumba walioletwa na mshenga. Hadiya hakuwapa nafasi ya kukimbia. Aliuchukua mkono wa Yoakimu, akauweka kwenye shingo ya mkewe, juu tu ya mfupa wa bega, akauachia. "Isogeze ngozi. Ngozi peke yake. Iache irudi."

Mkono ulitua kwa woga, kidogo tu, ukasogea, ukaachia. Hadiya aliangalia na akataka kucheka na kulia kwa pamoja. Uzito ule alioutafuta kwa sufuria tisa za maziwa, mkulima huyu alikuwa nao tayari kwa sababu ya woga wake. Akaendelea kumwelekeza kwa sauti ndogo: kwapa la kushoto, sasa vuka. Kanga iliteremka polepole, Tekla mwenyewe ndiye aliyeiteremsha, na kovu likaonekana, refu, limelala kutoka mfupa wa kifua hadi kwapani; hata Hadiya siku zote alilikwepa. Yoakimu hakuwa amewahi kuliona. Vidole vyake vilisimama pembeni yake.

"Hapa inauma?" aliuliza.

"Sijui," alisema Tekla. "Hakuna aliyewahi kupagusa."

Hadiya alitoka, akaurudishia mlango.

Alhamisi miguu ilimpeleka tena kwa mazoea, saa ile ile, ushungi umefungwa, kucha fupi. Alifika mlangoni akainua mkono kubisha hodi. Ndani alisikia sauti ya Yoakimu ikihesabu pumzi, moja, mbili, tatu, na sauti ya Tekla ikimwambia asiwe na haraka. Hadiya aliushusha mkono. Kifua kilimuuma, hasa kilimuuma, na hapo hapo alifurahi, wala hakujaribu kuzitenganisha hizo mbili. Akageuka taratibu asisikike, akashuka sokoni, akafungua duka saa moja nzima kabla ya wengine.